Tuta la Barabarani na Vilemba vya Ukoka

Walimu wenzake walimwita Shubiri, na wanafunzi wakalidaka jina hilo wakalitangulizia "Mwalimu" ili lipate adabu. Mwenyewe alilijua, wala halikumkera. Alikuwa mwalimu wa kemia, mwanamke mrefu, mkavu, asiyevua koti jeupe la maabara hata siku za mikutano. Mtu akizungumza naye, alimsikiliza mpaka mwisho huku ameinamisha kichwa upande mmoja, kama anayesikiliza bomba linalovuja mahali, halafu asiseme kitu. Ukimya huo ndio uliowachoma watu. Wapo waliosema afadhali kutukanwa.

Alidharau mambo mengi, lakini la kwanza katika hayo lilikuwa makofi. Kwa maoni yake, shule ile ilikuwa inaugua makofi. Mkuu wa shule, mtu wa bashasha na mashavu, mwenye tai nyingi kuliko vitabu, hakuona jambo ambalo halikustahili sherehe. Wanafunzi wakifanya vizuri mtihani, sherehe. Wakifanya vibaya kidogo kuliko mwaka uliopita, sherehe ya kuwatia moyo. Kwaya ya shule iliposhika nafasi ya nne katika mashindano yaliyokuwa na shule nne, lilitundikwa bango kubwa langoni: TUMEINGIA NNE BORA. Shubiri alilisoma asubuhi ile, akalisoma tena, akaingia maabara akaosha mikono.

Mabango yote yalitundikwa pale pale, kwenye fremu ya chuma iliyosimikwa kando ya lango, ukingoni kabisa mwa barabara. Kila sherehe ilipokuja na bango lake, lilikuwa pana kuliko lililotangulia, kwa kuwa nyuso za waliofaulu ziliongezeka, na juu yake lazima uwepo uso wa Mkuu, mkubwa kama sinia. Mwanafunzi aliyetaka kuvuka ilimbidi achungulie nyuma ya mashavu ya Mkuu kama mtu anayechungulia nyuma ya kabati, na akishaona gari, mguu wake tayari uko juu ya lami.

Barabara yenyewe zamani ilikuwa na mashimo, na mashimo yale ndiyo yaliyokuwa askari wa usalama. Kisha ikawekwa lami nyororo kama kioo. Tangu siku hiyo magari yalipita pale kama yanayokimbia deni. Wazazi walioleta watoto wao kwa magari walisimama popote walipopenda, katikati ya njia, mlango wazi, wakimalizia kumfunga mtoto kifungo cha shati, na waliokuwa nyuma yao wakawapita kwa hasira upande usio wao. Hao ndio walioitwa wadau wa elimu.

Shubiri alilisema jambo hili mara moja tu, katika kikao cha walimu. Alisema bango linawaziba watoto macho na kwamba barabara inahitaji matuta. Mkuu alitabasamu kwa mashavu yote mawili, akasema, "Mwalimu, wewe hata asali ukilambishwa utasema ina mchanga." Kikao kizima kikacheka. Shubiri akainamisha kichwa upande, akanyamaza, akarudi maabara na ile raha ya mtu aliyethibitisha kwa mara nyingine kwamba anafanya kazi na wajinga. Raha hiyo alikuwa nayo kwa miaka mingi. Ilimtosha kama chakula, na haikuwahi kumvusha mtoto yeyote barabara.

Katika wanafunzi wote, kulikuwa na mmoja ambaye hakuweza kumdharau hata alipojaribu. Alikuwa msichana mwembamba aliyeitwa Kinanda kwa sababu alikuwa haachi kuimba puani, hata akiwa ameshika chupa ya tindikali. Mama yake alikuwa akisafisha vyumba katika nyumba ya wageni. Kinanda alishinda mashindano ya sayansi ya shule zote za eneo lile, safari hii ushindi wa kweli, na bila shaka bango likatundikwa. Uso wake ulikuwa pembeni, mdogo. Wa Mkuu ulikuwa katikati.

Asubuhi moja Shubiri alikuwa zamu langoni. Mwenyekiti wa kamati ya wazazi, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, alikuwa anawahi kikao cha kuandaa sherehe ya ushindi ule ule. Alikuta magari ya wazazi wenzake yamesimama katikati ya njia, akayapita yote kwa mkupuo. Kinanda alikuwa ametoka kununua kalamu ng'ambo ya barabara, amesharudi, kisha akakumbuka kwamba ameacha begi lake dukani. Alitokea nyuma ya bango lenye uso wake mwenyewe.

Shubiri hakuona gari likimgonga. Alisikia kishindo, kisha akaona kiatu kimekaa peke yake juu ya lami, kimesimama wima kana kwamba kuna mtu ndani yake. Alikuwa wa kwanza kufika. Alipiga magoti, akaushika mguu usitikisike, akamwambia mtoto atazame juu, asitazame chini. Mwenyekiti aliteremka garini na simu sikioni, akamwambia aliyekuwa upande wa pili kwamba amepata dharura kidogo na atachelewa. Kisha akawageukia watu, akasema mtoto katokea tu nyuma ya bango. Jambo lililomuudhi Shubiri kuliko yote ni kwamba maneno hayo yalikuwa kweli.

Mfupa wa paja ulivunjika. Kesi haikufika mbali. Mwenyekiti aligharamia matibabu, watu wazima wakakaa na mama mtu, likazungumzwa, likaisha. Kioo cha pembeni cha gari kilikuwa kimechana bango, na kabla ya juma kwisha bango jipya lilikuwa limetundikwa palepale.

Shubiri alipokwenda hospitalini alikuta pembeni ya kitanda kikapu cha matunda kilichofungwa utepe, na juu ya kabati dogo bendera ya shule. Mama mtu alimweleza kwa furaha kwamba Mwenyekiti kaja mwenyewe, na Mkuu kaja na mpiga picha, wakampiga mtoto picha ameshika bendera. Ni watu wenye utu, alisema. Shubiri akakitazama kikapu. Akaanza kumweleza Kinanda, kwa sauti ile ya chini aliyoitumia kuwasema watu, jinsi Mkuu alivyotangaza kwenye paredi ya asubuhi kwamba majeraha ya mwanafunzi wao ni majeraha ya ushindi. Alitarajia mtoto acheke. Siku zote alicheka.

Kinanda hakucheka. Akasema, "Mwalimu, unapowasema hivi unanifurahisha. Lakini nikitoka hapa nitavuka pale pale."

"Nililisema kikaoni. Hawakutaka kusikia."

"Ulisema mara moja. Na wote wanajua unawaona takataka. Nani atamsikiliza mtu anayemwona takataka?"

Mama yake akamkemea, akamwambia aombe radhi, huyo ni mwalimu wake. Shubiri akasema mwache. Akarekebisha shuka ambalo halikuwa na kasoro, akaaga. Nje, kwenye ukumbi mrefu unaonuka dawa, alisimama akatafuta jibu la kumpa yule mtoto.

Nyumbani aliishi na dada yake mkubwa, mjane, mtu wa maneno machache na macho makali. Alimkuta anachambua mchele mezani, akamsimulia yote. Dada yake aliendelea kutoa mawe, kisha akasema, "Ukitaka cha mvunguni sharti uiname. Wewe tangu utotoni huinami. Unataka kitanda kisogezwe."

Basi Shubiri akaenda kuinama. Alianzia ofisi ya barabara. Mhandisi Mkuu alimweka kwenye benchi asubuhi nzima, na hapo alipata nafasi ya kutazama ukuta. Ulijaa picha za Mhandisi Mkuu akikata utepe. Alikuwa akikata utepe wa daraja, utepe wa kalvati, utepe wa choo cha stendi, na katika moja alikuwa akikata utepe uliofungwa kwenye miti miwili tu, bila chochote nyuma yake. Alipoitwa ndani, aliambiwa kwamba barabara ile ni ya mwendo, matuta yatachelewesha uchumi, na kwamba ombi lake litaingizwa katika mipango ya baadaye. Mhandisi alikuwa tayari ameshika simu.

Siku nyingine yoyote Shubiri angeinamisha kichwa upande, akanyamaza, akaondoka na raha yake. Safari hii aliulazimisha uso wake ukae sawa. Akasema ameelewa kabisa, ila kuna jambo dogo. Shule yao inatayarisha sherehe ya kuwapongeza wanafunzi, itakayokuwa na uzinduzi wa mradi wa usalama barabarani, na walimu wanahangaika kumpata mgeni rasmi mwenye hadhi. Wapo waliomtaja mtu mwingine. Yeye binafsi alifikiri heshima ya kukata utepe imwendee mtaalamu.

Simu ikarudi mezani. Mhandisi aliuliza kama vyombo vya habari vitakuwepo.

Ilibaki kuwasadikisha wengine, na kwa hilo alihitaji mazoezi. Dada yake alimkuta chumbani mbele ya kioo, koti la maabara mwilini, akiuambia uso wake mwenyewe, "Mkuu, maono yako yametufikisha hapa." Dada akaegemea mlango akamtazama. "Uso wako unapongeza kama mtu anayemeza kidonge bila maji," akasema. "Legeza taya." Shubiri akalegeza taya. Dada akasema sasa anafanana na aliyepigwa ganzi, lakini ni afadhali.

Mkuu hakuhitaji taya kulegezwa sana. Ukimvika kilemba cha ukoka, yeye mwenyewe alikushikia kichwa ili uvike vizuri. Alipoambiwa kwamba shule itakuwa ya kwanza kuzindua tuta, na kwamba mgeni rasmi atakuwa Mhandisi Mkuu, alisimama akaenda dirishani akaitazama barabara kama anaiona kwa mara ya kwanza, na yawezekana ilikuwa kweli. Akasema wazo hilo alikuwa nalo moyoni muda mrefu. Shubiri akasema sote tulihisi hivyo. Kisha akaongeza kwamba si vizuri uso wa Mkuu na wa mgeni rasmi kukaa ukingoni mwa barabara kupigwa vumbi na moshi wa malori. Nyuso za namna hiyo ni za ukumbini. Fremu ya chuma iling'olewa siku ya pili yake.

Mwenyekiti ndiye aliyekuwa kidonge kikubwa. Shubiri alimfuata dukani, kati ya mabati na makopo ya rangi, akamwambia shule inamhitaji awe Balozi wa Usalama Barabarani. Ilimbidi alitamke neno hilo, balozi, akiwa anaitazama mikono ile ile iliyoshika simu siku ile. Mwenyekiti aliguswa. Alisema tangu ile ajali, ambayo aliiita "ule mtihani", amekuwa akiwaza namna ya kuisaidia jamii. Angetoa saruji na rangi, mradi jina la duka lake liandikwe kwenye vibao. Shubiri akakubali. Alitoka dukani akavuka hadi kwenye mtaro akatema mate, jambo ambalo hakuwahi kulifanya hadharani maishani mwake.

Lakini katika uchafu wote huo kulikuwa na kitu kimoja safi. Mradi wenyewe ulikuwa wa wanafunzi kweli. Darasa lake la kemia lilishinda barabarani alasiri nyingi, wengine wakitazama magari yanakotokea, wengine wakishika kamba ya kupimia, wakibishana wapi tuta likae ili dereva aliyetoka kwenye kona apate muda wa kupunguza mwendo. Kinanda, aliyekuwa bado kitandani, aliletewa vipimo, akachora ramani akiwa amelala chali, karatasi ameiegemeza kwenye sinia la hospitali. Mara mbili aliirudisha ramani kwa wenzake akisema wamekosea, na mara ya pili hata Shubiri alikuwa amekosea. Alipoiona kasoro yake imezungushiwa duara jekundu, alijisikia vizuri kuliko alivyojisikia kwa miezi mingi, akajishangaa.

Siku ya sherehe ikafika. Matuta mawili yalikuwa tayari, na kati yake kivuko chenye milia myeupe iliyopakwa jana yake. Utepe ulifungwa juu ya tuta la kwanza, chini kiasi kwamba Mhandisi Mkuu ilimbidi achuchumae kuukata, na suruali yake ikamsaliti kidogo nyuma, lakini mpiga picha alikuwa mtu mwenye busara. Kibao kilifunuliwa. Kilisema PUNGUZA MWENDO, na chini yake, kwa herufi kubwa zaidi, jina la duka na aina za rangi zinazopatikana. Mkuu alihutubia. Alisema tuta ni zaidi ya tuta. Alisema mengine mengi ya namna hiyo, na watu wakapiga makofi kila alipovuta pumzi, wakidhani amemaliza.

Kinanda alikuwa amekaa safu ya mbele na magongo yake, mama yake pembeni amevaa nguo yake ya kanisani. Alipewa cheti cha "mwanafunzi aliyetia hamasa". Kuhusu ramani, hakuna aliyeitaja.

Kisha Mkuu, kwa ukarimu wa mtu aliyeshiba, akatangaza kwamba mwalimu wa kemia naye aseme mawili matatu, na amshukuru Balozi kwa niaba ya shule.

Shubiri alikipokea kipaza sauti. Kwenye viti vyao walimu wakatazamana kwa wasiwasi, kwa sababu wote walijua ulimi ule. Nao ulimi ulikuwa unamwasha. Alikuwa na maneno yote, yamepangwa kama chupa kwenye rafu. Angeweza kumaliza sherehe ile kwa sentensi moja. Akamtazama Kinanda, na mtoto alikuwa anamtazama yeye, si kwa kuomba wala kwa kukataza, anangoja tu aone mwalimu wake atafanya nini.

Akalegeza taya.

"Ndugu wageni," akasema, "ramani ya mradi huu aliichora Kinanda, akiwa hospitalini, amelala chali. Naomba mjue hilo kwanza." Akangoja mpaka makofi yakaisha, na safari hii hakuyachukia. "Ama Balozi wetu, sina maneno ya kutosha. Tulikuwa tumelala, yeye akatuamsha. Wengine hutoa mawazo tu, yeye alikuja na gari lake zima. Bila yeye, leo tusingekuwa na tuta hili. Naomba tusimsahau kila tunapovuka."

Umati ukashangilia. Mwenyekiti akasimama, akaweka mkono kifuani, akainama kulia, akainama kushoto. Mkuu alifuta jicho. Mhandisi alimpa Mwenyekiti mkono na kumwambia kwamba nchi inahitaji wazazi kama yeye.

Safu ya mbele, Kinanda alikuwa ameinamia magongo yake, mabega yanatikisika. Jirani yake alidhani analia, akampa leso. Mama mtu aligeuka kumtazama bintiye, kisha akamtazama Mwenyekiti anavyoinama, kisha akamtazama Shubiri, na taratibu uso wake ukabadilika. Alikuwa mwanamke aliyeshukuru sana kwa muda mrefu, na sasa alionekana kama mtu aliyetua mzigo akaona kumbe haukuwa wake. Hakupiga makofi. Aliikunja mikono yake mapajani akaituliza hapo mpaka mwisho wa sherehe, na Mwenyekiti alipokuja kumwamkia, alimwitikia akiwa ameketi.

Magari yalipunguza mwendo. Hilo ndilo la kusema, na hakuna awezaye kulipunguza. Yalifika kwenye tuta yakajikwaa, yakanyenyekea, yakapita polepole. Hata wazazi wadau waliacha kusimama katikati, si kwa utu, ila kwa kuogopa kugongwa na walioruka tuta nyuma yao. Kinanda alirudi darasani, kwanza kwa magongo mawili, kisha kwa moja, kisha kwa kuchechemea ambako madaktari walisema kutabaki. Aliimba puani kama zamani. Shubiri alimwambia aache kelele, naye hakuacha.

Mkuu alipata tuzo ya uongozi wenye maono. Bango lake liko ukumbini, linafunika madirisha mawili, kwa hiyo ukumbi sasa unawashwa taa mchana. Walimu wenzake wakaanza kumsalimia Shubiri kwa uchangamfu, wakiamini kwamba hatimaye amekuwa mmoja wao. Aliupokea uchangamfu huo kama anavyopokewa mgeni aliyekosea nyumba.

Muhula ulipokwisha, Mkuu alimwita ofisini akamwambia kwamba baada ya hotuba ile ya kugusa moyo, ameonelea amteue kuwa msimamizi wa sherehe zote za shule. Shubiri alihisi shingo yake inaanza kuinamia upande. Akairudisha. Alikumbuka kwamba shule ina lango la nyuma, linalotumiwa na wanafunzi wa bweni, na kwamba malori ya mchanga yameanza kupita huko.

"Mkuu," akasema, "ni heshima kubwa kwangu. Nilikuwa nafikiri, timu ya mpira imeshika nafasi gani vile?"

"Ya sita," akasema Mkuu, na macho yake tayari yalikuwa yanameremeta.

"Basi tuna cha kusherehekea," akasema Shubiri, akaketi.